Jifunze Kutua Tanga Kabla ya Kulitweka

Wengi wanaokwenda diko, mahali vyombo vinapofikia pwani, kuomba kufundishwa tanga huulizia mwendo: chombo hiki kina kasi gani, kutoka hapa hadi kisiwa kile ni muda gani. Nahodha mzoefu huanzia upande mwingine. Humpa mwanafunzi henza, ile kamba ya kupandishia foromali, mti unaobeba tanga, na kumwambia ashushe. Kisha apandishe, ashushe tena, mpaka mikono iifanye kazi hiyo bila macho kuisimamia. Boti ya injini hutulia ukizima mashine. Ngalawa haina cha kuzima. Husimamishwa na watu waliomo ndani yake, nao lazima wawe wamezoea kuisimamisha kabla upepo haujawalazimisha.

Makala haya yanamhusu anayetaka kujifunza kwa vitendo, katika ngalawa au mashua ndogo, ndani ya mwamba, popote kwenye pwani yetu kati ya Lamu na Mtwara. Kanuni yake ni moja. Kila hatua ya kwenda ina hatua yake ya kusimama, na ya kusimama ndiyo inayofundishwa kwanza.

Mtafute nahodha, kisha chombo

Nenda diko jioni vyombo vinaporudi, ukae uangalie. Usimtazame anayeingia kwa mbwembwe huku watoto wakimshangilia. Mtazame yule anayeanza kupunguza tanga angali mbali, anayeingia taratibu, ambaye mabaharia wake wanajua la kufanya bila kupigiwa kelele. Huyo ndiye mwalimu. Usipomjua mtu, Kenya na Tanzania Bara kuna vikundi vya wavuvi vya ufukweni vinavyojulikana kama BMU, na Zanzibar kuna kamati za wavuvi za shehia. Waulize wao ni nani mwenye subira ya kufundisha.

Ukimpata, salamu kwanza, shida baadaye.

“Shikamoo, nahodha.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Nimekuja kuomba unifundishe tanga. Nataka nishike mwenyewe, wewe unielekeze.”

Sentensi hiyo ya mwisho ina kazi yake. Mgeni akipanda bila kusema hivyo hugeuzwa abiria: hupewa mahali pazuri pa kukaa, akatembezwa na kurudishwa. Kupatana ujira nako kufanyike nchi kavu, na kuwe kwa haki, kwa sababu siku anayokufundisha ni siku ambayo havui. Patana pia kwamba amri chomboni ni yake peke yake. Manahodha wengi chombo huenda mrama, na mwanafunzi anayebishana katikati ya maji anawahatarisha wote.

Chombo cha kuanzia ni ngalawa. Ni gogo lililochongwa, mara nyingi la mwembe, lenye mirengu miwili ubavuni inayozuia lisilale. Mirengu humsamehe mwanafunzi makosa mengi ya mwanzo. Mashua ina mkuku na nafasi zaidi, lakini uthabiti wake unategemea farumi, ambayo mara nyingi ni mifuko ya mchanga, na watu wanaojua kuhamia upande unaotakiwa kwa wakati. Mashua iwe darasa la pili.

Kabla ya kukubali kupanda, kikague chombo kwa mkono. Vuta kamba zote na utazame zilikochakaa, hasa zinapopita juu ya mlingoti. Tikisa viungo vya mirengu. Tikisa usukani uone kama vyuma vinavyoushika vimelegea. Tazama maji yaliyotuama ndani, umuulize nahodha huwa yanaingia kiasi gani kwa saa. Chombo cha mbao kinachovuja kidogo ni jambo la kawaida. Nahodha asiyejua kinavuja kiasi gani ndiye wa kuogopwa.

Darasa la mchangani

Somo la kwanza lifanyike maji yakiwa yamepwa na chombo kimekaa juu ya mchanga. Hapo makosa hayamzamishi mtu. Taja kila kitu huku umekishika: omo ni mbele, tezi ni nyuma. Mlingoti umebeba foromali, na foromali imebeba tanga. Henza hupandisha na kushusha. Kamba ya pembe ya nyuma ya tanga ni demani, na ndiyo utakayoishika muda mwingi kuliko zote. Usukani unageuzwa kwa kana. Upande upepo unakotoka ni wa goshi, na ule unakokwenda ni wa demani.

Kisha fanya mazoezi matatu.

La kwanza ni kutua tanga. Nahodha aseme “Tua!” bila kukuonya, nawe ufungue henza na kuiachia foromali ishuke huku umeishika kamba, isije ikaanguka kwa kishindo juu ya wenzako. Mwenzio akusanye tanga ndani ya chombo, lisimwagike majini. Rudia mpaka uweze kufanya hivyo umefumba macho. Henza ikinasa, usiendelee na darasa: tafuta sababu. Kamba iliyovimba kwa maji, au tundu la mlingoti lisilopakwa mafuta, litanasa zaidi upepo ukiwa mkali.

La pili ni mafundo. Yapo mengi, ila mwanafunzi anahitaji mawili. Moja ni kitanzi kisichokaza, cha kufungia kamba kwenye nanga au kumvutia mtu aliye majini. Kitanzi kinachokaza humbana kifua. La pili ni fundo la kuvutika, linalofunguka ukivuta ncha moja tu. Demani usiifunge kabisa. Izungushe mara moja kwenye mti, ncha uishike mkononi. Upepo ukija ghafla, unafungua vidole tu, na tanga linaachia. Vyombo vingi vidogo vimepinduka kwa sababu mtu alifunga demani akaenda kuwasha sigara au kutazama simu.

La tatu ni kugeuza tanga. Tanga la foromali haligeuzwi kwa kulivuta tu upande wa pili. Chombo hugeuzwa tezi ipite kwenye upepo, foromali husimamishwa wima, na kupitishwa mbele ya mlingoti kwenda upande mwingine. Ni kazi ya watu watatu: mmoja kwenye kana, mmoja kwenye demani, mmoja omoni anayeshika ncha ya chini ya foromali. Mchangani mtagongana mabega na kucheka. Majini mtashukuru kwamba mligongana mchangani. Jifunze pia njia ya tahadhari: upepo ukiwa na nguvu, tua tanga lote, geuza chombo kwa kafi, kisha tweka upya upande wa pili. Unapoteza dakika chache tu.

Lowa kwa makusudi

Kabla ya safari yoyote, pinduka. Chagua siku tulivu, maji ya kifuani, na chombo cha pili karibu. Kujifunza kuogelea na kujifunza tanga ni madarasa mawili tofauti. Kama huwezi kuelea kwa utulivu kwa dakika kumi, malizia darasa la kwanza.

Vaa jaketi la kuokolea maisha ukiwa bado ufukweni. Liwe saizi yako, na vifungo vyote vifungwe. Mwambie mwenzio akuvute juu kwa mabega ya jaketi: likipanda mpaka masikioni, majini litakuacha. Jaketi lililowekwa chini ya ubao wa kukalia halimsaidii mtu, kwa sababu chombo kikipinduka hupati nafasi ya kulitafuta.

Sasa pindukeni kwa hiari, mjizoeze mambo manne kwa mpangilio. Hesabuni watu kwa sauti, kila mmoja aitike. Fungueni demani na henza ili tanga lisishike maji. Kisimamisheni chombo, kwenye mashua tupeni kwanza mifuko ya farumi. Kisha mmoja apande kupitia tezini na kuanza kufua maji, wengine wabaki majini wameshika chombo mpaka kiwe chepesi. Ndoo ya kufulia iwe imefungwa kwa kamba, maana isiyofungwa huwa ya kwanza kuondoka.

La kutia moyoni kuliko yote: usiache chombo. Ngalawa iliyopinduka huelea, kwa kuwa ni mti. Watafutaji huona chombo kabla ya kuona kichwa cha mtu. Nchi kavu ikitazamwa kutoka kwenye maji huonekana karibu kuliko ilivyo, na mkondo haukuulizi unaelekea wapi. Zoezi hili linakupa uzoefu wa mwili. Ukishapinduka kwa hiari, siku ya kupinduka bila hiari akili inakuwa na pa kuanzia.

Safari za kwanza: upepo wa ubavuni

Chagueni njia fupi iliyo sambamba na ufukwe, kati ya alama mbili unazoziona, upepo ukija ubavuni. Kwa upepo wa namna hiyo unaweza kwenda na kurudi kwa njia ileile bila ufundi mkubwa. Maji yawe yanajaa, ili mkikwama kwenye mchanga bahari iwanyanyue yenyewe.

Kaa upande wa goshi, kana kwenye mkono mmoja, demani kwenye mwingine. Ukiisukuma kana kulia, omo inakwenda kushoto. Dakika za kwanza utakosea, kisha mkono utajua wenyewe. Usiivute kwa nguvu. Mwendo mdogo wa mkono unatosha, na kila ukizidisha usukani unageuka breki.

Sasa lijue tanga. Legeza demani mpaka tanga lianze kupepea, kisha ivute polepole mpaka liache kupepea. Hapo ndipo mahali pake. Wanafunzi karibu wote huvuta kupita hapo, wakidhani tanga lililokazwa sana linasukuma zaidi. Chombo hulala, mrengu wa upande wa demani huzama, mwendo hupungua. Ukiona chombo kizito, kabla hujalaumu upepo, legeza kidogo.

Zoezi la kusimama linalokwenda na hatua hii ni hili: achia demani na uelekeze omo upepo unakotoka. Chombo kitapunguza mwendo na kutulia. Fanya hivyo tena na tena bila sababu, wakati kila kitu kiko shwari, mpaka iwe ndilo jambo la kwanza mwili wako unalofanya ukishtuka. Hofu humfanya mtu akaze mikono, na kwenye tanga kukaza mikono ndiko kunakopindua.

Upepo wenyewe utauona. Funga kitambaa chepesi kwenye kamba ya mlingoti. Tazama maji upande wa goshi: sehemu iliyokoza rangi na yenye mikunjo midogo inayokimbia ni upepo unaokuja, na una sekunde chache za kujiandaa. Isikilize na shingo yako, upande gani unahisi baridi.

Upepo wa tezi uuache mpaka uzoee huu wa ubavuni. Ukiwa nyuma yako unahisi kama umepungua, kumbe unasafiri nao. Kuachia demani pekee hakutoshi kusimamisha chombo. Lazima tanga litue. Na kana ikikuponyoka kidogo, upepo unaweza kuingia nyuma ya tanga, ukalibana kwenye mlingoti, likakataa kushuka. Likitokea hilo, kirudisheni chombo haraka kwenye upande wake wa kwanza, kwa usukani na kwa kafi, huku demani imeachiwa.

Kubisha: mtihani wa kurudi nyumbani

Hakuna chombo cha tanga kinachokwenda moja kwa moja kinyume cha upepo. Ukitaka kufika unakotoka upepo, unabisha: unakwenda mshazari upande mmoja, unageuka, unakwenda mshazari upande wa pili. Kwa foromali kila kugeuka kunakula masafa, kwa sababu chombo kinazunguka kwa tezi na kurudi nyuma kidogo kabla ya kuanza kupanda tena. Basi mishazari iwe mirefu na mageuzo yawe machache.

Ukishaweza, anza kila safari kwa kubisha. Nenda kwanza upepo unakotoka, ukiwa na nguvu na mchana mrefu mbele yako, ili urejee kwa upepo mwepesi wa kukusukuma. Anayefanya kinyume hujifurahisha saa nzima, kisha hugundua kwamba kurudi kunataka saa tatu. Jipime mapema: ukitoka tu, bisha mara mbili na utazame alama ya ufukweni. Kama hukupanda, au mkondo umekurudisha, siku hiyo si ya kwenda mbali.

Jihadhari zaidi na upepo unaotoka nchi kavu. Karibu na ufukwe maji huwa shwari kwa sababu miti na majumba yanaukinga, na unavyozidi kutoka ndivyo upepo unavyozidi nguvu, ukikusukuma nje. Wakati wa kusi, upepo wa kusini, pwani ya magharibi ya Unguja huwa hivyo: ufukweni shwari, mkondoni kazi. Pwani ya mashariki, upande wa Paje na Jambiani, kusi hiyohiyo huelekea nchi kavu, na kati ya mwamba na ufukwe kuna maji machache. Mwanafunzi anayesukumwa na upepo huko ataishia mchangani, na hilo ndilo tunalomtakia.

Hesabu ya maji

Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa takriban siku moja, na kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa kama dakika 50. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu huja bamvua, ambapo tofauti ya kujaa na kupwa Zanzibar inaweza kukaribia mita 4. Katikati yake ni maji mafu, tofauti ikiwa ndogo na mikondo ikiwa mipole.

Zanzibar, Dar es Salaam na Mombasa bamvua hujaa karibu saa 10, alfajiri na jioni, na kupwa karibu saa 4, asubuhi na usiku. Ukiujua mwezi, unaweza kukisia maji hata kabla ya kutazama jedwali la bandari. Lakini litazame.

Maji hayaingii kwa kasi moja. Yagawe yote katika sehemu 12. Saa ya kwanza huingia sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Maji ya mita 3.6 yakijaa, saa ya kwanza yatapanda sentimita 30 tu, na saa ya tatu peke yake sentimita 90. Ndiyo maana mtu anayeona maji yametulia akaamua kuzembea nusu saa, akirudi hukuta mkondo umebadilika kabisa. Kanuni hiyohiyo ndiyo ya kupwa. Mwanafunzi na afanye mazoezi saa za mwanzo na za mwisho za maji kujaa, aepuke zile mbili za katikati.

Mlango wa mwamba uuache kwa sasa. Maji yote ya ndani hutokea hapo yakipwa, na upepo wa kusi ukiyakabili, mawimbi husimama wima hata siku ambayo kwingine ni shwari. Unapopita ndani, kaa mbali na mlango kiasi kwamba, ukipoteza tanga na usukani kwa pamoja, nanga yako ishike kabla hujafika. Nanga ndiyo breki ya mwisho. Itupe mara moja katika kila darasa ili ujue inavyoshika mchanga na inavyoteleza kwenye majani, na uwe na kamba ndefu. Kamba fupi huinyanyua nanga badala ya kuilaza.

Siku ya kukataa

Miezi inayomfaa mwanafunzi ni ya upepo mpole: Februari na Machi kaskazi, upepo wa kaskazini, inapochoka, na Oktoba na Novemba, kati ya kusi na kaskazi. Juni hadi Agosti kusi huwa na nguvu zake. Ni wakati wa kutazama wenye ujuzi. Aprili upepo ni dhaifu lakini masika huleta mawingu yenye dhoruba za ghafla. Kwa siku moja, asubuhi ni bora kuliko alasiri, kwa kuwa jua likishapasha nchi kavu upepo wa baharini huongezeka.

Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Tahadhari zinazotolewa Tanzania mara nyingi hutaja upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2. Hicho ni kipimo cha kuwatisha wazoefu, wewe usikingoje. Chako ni hiki: mawimbi yakianza kuvunja vichwa vyeupe kila mahali, upepo umefika kama kilomita 20 kwa saa au zaidi, na darasa limekwisha. Nguvu ya upepo kwenye tanga haiongezeki kwa hatua sawa na kasi yake. Ukitoka kilomita 20 hadi 28 kwa saa, nguvu hukaribia kuwa maradufu. Tanga ulilokuwa ukilishika kwa mkono mmoja litataka miwili, na mkono wa tatu huna.

Ukiwa tayari majini na wingu jeusi lenye pazia la mvua likaonekana upande wa upepo, tua tanga kabla halijafika. Usijiambie utatua likifika. Tupa nanga kama kina kinaruhusu, kaa chini, vaa jaketi kama ulilivua, jambo ambalo hukupaswa kulifanya. Likipita, tweka tena.

Wa Ziwa Victoria hawana hesabu ya kujaa na kupwa, lakini wana yao: dhoruba za ziwani hupenda usiku na alfajiri. Wao wangoje asubuhi ipevuke, watazame ziwa, ndipo watoke. Na popote ulipo, uwe umefunga chombo ifikapo saa 11 jioni. Huku kwetu machweo hayachukui muda, na giza huwakuta wengi wakiwa bado wanabisha.

Dumu baharini

Mtu akianguka, nahodha anaweza kuwa ndiye huyo. Kwa hiyo kila aliyemo lazima ajue kurudi. Chukua dumu la lita 5 lililojazwa maji nusu, na wakati wowote mmoja alitupe akipiga kelele, “Mtu majini!” Mwingine alinyooshee kidole bila kuondoa macho, hiyo ndiyo kazi yake pekee. Anayeshika kana afanye mzunguko atokee chini ya upepo wa dumu, kisha apande taratibu kulielekea, demani imeachiwa, chombo kisimame dumu likiwa ubavuni upande wa goshi.

Mara za kwanza utalipita kwa kasi, au utasimama mbali. Zoezi hili linaunganisha yote uliyojifunza: kugeuka, kubisha, kuachia, kusimama mahali ulipopataka. Mwanafunzi anayeweza kusimama kando ya dumu kila anapojaribu, kwa pande zote mbili za upepo, ameanza kuwa baharia. Kwenye ngalawa kumbuka kwamba mtu ataushika mrengu kwanza; mwongoze aufuate mpaka chomboni, asiuning’inie nchani.

Vya kubeba, na neno la kuacha nyumbani

Beba jaketi moja kwa kila mtu, kafi mbili, nanga na kamba yake, ndoo iliyofungwa, kisu kwenye ala kiunoni, filimbi shingoni, kamba ya akiba, maji ya kunywa, kofia, na simu iliyojaa chaji ndani ya mfuko usiopitisha maji. Tochi ibebe hata asubuhi. Kila kitu kiwe kimefungwa, na kila mmoja ajue kilipo.

Mwachie mtu wa nchi kavu maneno matatu: mnakwenda wapi, mko wangapi, mtarudi saa ngapi. Mwambie pia afanye nini saa hiyo ikipita: kwanza awaendee watu wa diko, maana wao wana vyombo na wanajua mkondo umeelekea wapi, kisha apige 112. Mkirudi, mpigieni mara moja, ili siku mtakapochelewa asiseme ni kawaida yenu.

Baada ya hapo

Andika kila darasa kwenye daftari: upepo ulitoka wapi, maji yalikuwa vipi, nini kilinasa, wapi uliogopa. Ukurasa wa kuogopa ndio wa kumsomea nahodha darasa lijalo, naye atajua pa kuanzia.

Na chombo kinapopandishwa pwani kutengenezwa, nenda bila kuitwa. Shika nyundo ukalafati naye mashua, paka naye shahamu, mshikie tanga analishona. Utajua maji huingilia wapi, kamba ipi ni mpya na ipi imepakwa rangi tu, na mbao ipi inahitaji kubadilishwa kabla ya kusi. Mambo hayo hayaonekani ukiwa umekaa tezini.

Utafika wakati utatamani kutoka nje ya mwamba. Muulize nahodha. Akikwambia bado, muulize ni zoezi gani limebaki, ukalifanye.